Shangazi wa Kibanda cha Supu

Jumamosi, 9 Machi. Upepo wa mchanga tangu alfajiri, jua hafifu.

Binti anayemsaidia Verna kuuza supu ya kondoo gulioni Chinle, mji wa Wanavajo huko Marekani, hupanga mabakuli kwa ukubwa, na huyapanga upya akiona wazee wanakuja. Nywele zake ni za kipilipili, kama za baba yake, Mmarekani Mweusi. Mikono ni ya mama yake Mnavajo, mirefu, isiyotulia. Kinavajo anakijua, maana Verna humsikia akiwabembeleza mbwa wa gulioni kwa lugha hiyo. Mbele ya watu hujibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akiogopa kuchekwa.

Siku hiyo mzee mmoja mwenye kofia pana alilisukuma bakuli pembeni. "Mjukuu, mimi sili cha mtu nisiyejua ukoo wake. Wewe wa nani?"

Verna alitaka kumjibia, akajizuia. Binti alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena, kisha akasema kwa Kinavajo, akikwamakwama: "Mimi ni wa Maji Machungu, ukoo wa mama. Kwa baba ni watu Weusi."

Mzee akavua kofia. "Maji Machungu? Si ndio ukoo wa marehemu baba yangu! Kumbe wewe, kama wanawake wote wa ukoo huo, ni shangazi yangu. Shikamoo, shangazi! Mbona unaniacha na njaa?"

"Marahaba, mwanangu," akasema binti, midomo ikimcheza. "Shika kwa mikono miwili, usije ukajimwagia."

Foleni nzima ikaangua kicheko, binti naye akacheka pamoja nao.

Asubuhi iliyofuata, kabla Verna hajawasha jiko, binti alikuwa amesimama mbele ya kibanda, akimuuliza kila mpita njia, kwa Kinavajo: "Wewe ni wa ukoo gani?"