Mama Alipocheka

Juzi daktari alinipa vidonge kama vya mama, nikakumbuka alasiri moja mtaani Waberi, tulikokimbilia.

Tangu tukimbie vita Somalia, mama alikuwa akilala tu, akitazama ukuta. Shangazi alimfukiza ubani, akasema, "Ana jini. Akimtoka, atamwingia mwingine humu ndani." Mama akawa anameza vidonge vya hospitali kwa siri, mimi nikimchotea maji.

Alasiri ile mbuzi aliingia chumbani, akapiga chafya kwa ule moshi, na mama akacheka. Nilijua jini ametoka. Niliziba pua na mdomo kwa shela, nikajibanza pembeni.

"Kaalay, mwanangu," mama aliniita, mikono wazi. Sikwenda.

Sasa najua vidonge ndivyo vilivyomrudisha. Hata hivyo, kabla ya kumeza changu cha kwanza, nilimtoa binti yangu nje, nikafunga mlango.