Aliyenipa Laini ya Simu Makadara

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Nimechoka na watu wanaobana vicheko nikisimulia jambo hili, halafu wananiuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai. Haya yalinipata mimi, pale Makadara, jua likiwaka, na mama aliyeumia kwa sababu yake nilimshika mkono mimi mwenyewe nikamrudisha kwake. Nikidanganya nitapata faida gani?

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa dereva wa lori la macho. Ndivyo watu walivyoliita. Lilikuwa lori kweli, lililogeuzwa likawa nyumba na kliniki: mbele vitanda viwili na jiko la gesi, nyuma kiti cha mgonjwa na mashine za kupimia macho. Tulikuwa wawili tu, mimi na Daktari Wekesa, mzee mpole kutoka Bungoma aliyepima watu huku akiimba nyimbo za kanisa chini chini. Tulilala humo, tulipika humo, tukihama mtaa hadi mtaa, wiki hii Kariobangi, wiki ijayo Kaloleni.

Mgonjwa akihitaji kupasuliwa, tulipeleka jina lake hospitali moja upande wa pili wa mji. Zamani nililipeleka kwa karatasi. Kisha wafadhili wakatuletea kompyuta ya kukunja na modemu, na hospitali ikatoa amri: majina yaje kwa barua pepe, karatasi hazipokelewi tena. Amri tamu kwa mtu aliyekaa ofisini. Sisi wa kwenye lori tungeituma hiyo barua pepe kwa waya gani?

Ninyi vijana mkikosa intaneti dakika mbili mnalia. Sisi ilibidi kwanza tumpate mtu mwenye simu ya mezani, na iwe hai, na akubali. Halafu tuvute waya kutoka kwake hadi kwenye lori, modemu ipige kelele kama paka aliyebanwa na mlango, na tuombe Mungu laini isikatike. Ilikatika. Mvua ikinyesha, simu za mitaa yetu ya Eastlands zilikufa. Isiponyesha, wezi walikata nyaya wakauza shaba. Mtu aliomba simu, akazaa mtoto, mtoto akaanza shule, na simu haijaja. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa. Kuwinda laini ilikuwa kazi yangu, na niliichukia kama ugonjwa.

Wiki ninayoizungumzia tulikuwa tumeegesha kwenye uwanja nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi, si mbali na korti ya Makadara. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa amekuja kutoka ng'ambo kwa siku chache, na hospitali ilitupa nafasi nane. Majina yafike Jumatano jioni. Alhamisi anapasua, usiku anapanda ndege.

Kati ya wale wanane alikuwa Mama Njoki, muuza supu ya mbuzi kule Kiamaiko. Presha ya jicho. La kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia, Daktari aliniambia pembeni, lilikuwa limebakiza wiki, si miezi. Mama huyu alikuwa na mdomo! Alinitazama kwa hilo jicho moja akasema, "Wewe dere, mkinipoteza kwenye hayo makompyuta yenu, nitakuja kukuchuna kama mbuzi." Nikampenda palepale.

Jumatatu nilizunguka mchana kutwa. Simu ya kanisa ilikuwa imekufa. Ya duka ilikuwa na kufuli. Karani mmoja kule kortini alinifukuza kabla sijamaliza salamu. Saa kumi na moja jioni nikawa narudi na rundo la waya mweusi begani, nikitukana kila mlingoti wa simu ninaoupita.

"Kijana, unatafuta simu?"

Alikuwa mzee fulani, ameegemea dirisha la nyumba ya mwisho. Shati jeupe lililopigwa pasi, miwani nyeusi. Nikamwambia ndiyo mzee, natafuta. Nikamuuliza kama yake inafanya kazi.

"Siku hizi inafanya," akasema. "Lete huo waya."

Nikampa ncha ya waya dirishani. Aliupokea kwa kupapasa, akaingia ndani, akarudi akasema tayari. Niliukokota waya hadi kwenye lori, nikaweka simu ya kujaribia sikioni. Niamini, sijawahi kusikia laini safi namna ile, hata mjini. Modemu ikashika mara moja. Barua zilizokwama wiki mbili zikaenda zote kabla chai haijachemka.

Daktari alifurahi akaniambia nimpelekee mzee sukari. Nilipompelekea, hakunyoosha mkono. "Iweke hapo dirishani," akasema. Jumanne hivyohivyo: laini safi, sukari dirishani. Je, niliwahi kugonga mlango wake? Sikugonga. Je, nilimuuliza jina? Sikumuuliza. Mtu anayekufa kiu akipewa maji haulizi kisima ni cha nani. Hilo ndilo kosa langu, na ninalikubali.

Jumatano nilipita dirishani nikiwa na orodha mkononi, naenda kuiandika kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Unatuma nini leo?"

"Majina ya wanaopasuliwa macho kesho, mzee."

"Nisomee."

Nikamsomea. Kwa nini nisimsomee? Mzee ametupa simu siku tatu bila kudai hata asante. Nikayasoma yote manane, polepole, la Mama Njoki likiwa la mwisho. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu."

"Umesahau mmoja," akasema.

Nikacheka. Naapa nilicheka. Nikaenda kwenye lori nikaandika majina yangu manane, nikayahesabu, nikatuma. Yakaenda.

Alhamisi alfajiri niliwapeleka wagonjwa hospitali. Nesi akatoka na orodha, akaita majina, mmoja mmoja akaingia. Mama Njoki hakuitwa. Tukangoja. Nikaenda kumuuliza nesi.

"Huyo hayupo hapa," akasema.

"Ni wa nane, dada. Angalia wa nane."

Akanigeuzia karatasi. Majina saba yalikuwa yangu. La nane lilikuwa Zakaria Oduya, na mbele yake namba ya nyumba, Makadara.

"Sijamleta mtu huyu!"

"Ameshaitika. Aliingia wa kwanza, kabla hamjafika. Mzee wa miwani nyeusi."

Nikakimbia kwenye lori nikafungua kompyuta. Barua niliyotuma ilikuwamo, na wa nane alikuwa Mama Njoki, herufi kwa herufi. Nikarudi nayo mikononi nikamwonyesha nesi. Unajua alinijibu nini? "Orodha ni hii iliyofika." Nikamfuata karani, nikamfuata msimamizi. Kila mmoja alinipeleka kwa mwingine. Nilipaza sauti mpaka askari wa getini akaja kunishika kola. Mama Njoki alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akigeuza kichwa kufuata sauti yangu.

Saa kumi jioni nesi alitoka wodini akitembea kasi. Kitanda cha Zakaria Oduya kilikuwa kitupu. Juu ya mto palikuwa na bandeji, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyemwona akitoka. Nikasema basi, nafasi hiyo apewe huyu mama! Nikamkimbilia yule daktari wa ng'ambo, alikuwa ameshaingia kwenye gari. Wakamtafsiria. Akatikisa kichwa kwa huruma: vyombo vimefungwa, ndege haingoji.

Nilimrudisha Mama Njoki Kiamaiko. Nilipomshusha nikageuza lori moja kwa moja hadi Makadara, nikachukua spana ya magurudumu, nikaenda kwenye nyumba ile. Usiniulize nilitaka kuifanyia nini. Unajua.

Lile dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao, na misumari yake ilikuwa na kutu. Waya wangu mweusi ulipita kwenye ufa kati ya mbao mbili. Nikagonga mlango kwa ngumi. Akafungua mama wa makamo, kanga kiunoni, mikono ina unga.

"Zakaria yuko wapi?" nikamuuliza, bila hata salamu.

Akaitazama spana, akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayeniwekea sukari dirishani?"

Ghadhabu yangu ikakosa pa kukanyaga. Alinikaribisha ndani. Picha ilikuwa ukutani: shati jeupe, miwani nyeusi. Chini ya dirisha palikuwa na meza isiyo na simu. Ukutani paling'olewa kitu zamani, pamebaki matundu mawili ya skrubu. Ncha ya waya wangu ilikuwa imelala juu ya meza, haijafungwa kwa chochote. Nilishika zile nyuzi za shaba kwa vidole vyangu. Hazikugusa kitu.

"Mume wangu ana miaka miwili tangu tumzike," yule mama akasema. Akanieleza taratibu. Macho ya mzee yalianza kuharibika akiwa fundi wa viwandani kule Industrial Area. Hospitali ikamwahidi kumpigia simu nafasi ikipatikana. Simu ikafa. Aliripoti, hakuna fundi aliyekuja. Alikaa pale mezani kila siku, mkono juu ya simu, asije akaikosa. Alipokwenda kuuliza wakamwambia, tulikupigia hukushika, nafasi tumempa mwingine. Akapofuka kabisa. Mwaka huohuo akatumbukia kwenye mtaro akivuka Jogoo Road, akafa.

Nikamwambia yaliyotokea hospitali. Sikumficha kitu. Nilitaka aone haya kwa niaba ya mumewe. Akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka, na uso wake, Mungu wangu, uso wake ulikuwa na furaha.

"Jina lake limeitwa?" akasema. "Kwa hiyo sasa anaona?"

Nilichukua spana yangu nikatoka. Ningemjibu nini? Kwamba mumewe ni mwizi? Waliomwibia yeye kwanza ni watu hai, waliokaa kwenye viti vyao wakiacha simu ya mgonjwa ife. Hao nina hasira nao mpaka leo. Lakini hawakuwa Mama Njoki! Kama ni kulipiza, si angewafuata wao? Alimchukulia nafasi mama aliyekuwa akiuza supu, asiyemjua hata kwa sura.

Yule bingwa aliporudi, miezi ilikuwa imepita, na jicho lilikuwa limekufa. Nilikwenda Kiamaiko nikamweleza Mama Njoki kila kitu, pamoja na lile dirisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wewe ulimsomea jina langu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mtu usiyemjua."

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuosha matumbo ya mbuzi kwenye beseni, akiyapapasa. Hakunichuna wala hakunilaani. Hakuwahi kunisemesha tena hadi alipofariki, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa nikimpelekea kuni kila Jumamosi.

Na Zakaria ninamwona. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye dirisha la ghala Industrial Area, mwaka uliofuata. Hana miwani tena. Macho yake ni safi kama ya mtoto. Aliniona kabla sijamwona, akanipungia mkono kwa uchangamfu, kama mtu aliyemwona rafiki aliyemtendea wema. Nilimrushia jiwe nikavunja kioo, na askari wakanilaza ndani. Tangu hapo nimemwona Buruburu, nimemwona Umoja, hata ghorofani kwangu, dirisha la ngazi. Udereva niliuacha, kwa sababu macho yangu hayakukaa barabarani. Kila mara ananipungia. Hana aibu hata chembe.

Basi sikia. Mtu akikuomba umsomee majina ya watu, mjue kwanza ni nani. Na akikupa kwa urahisi kitu ambacho mtaa mzima umekikosa, usikipokee dirishani. Zunguka mbele, ugonge mlango, uone ni nani atakayekufungulia.