Mdundo wa Kumbikumbi

Sisi tuliokuwa darasa la tatu bendera ya uhuru ilipopandishwa hatukuwa na vitu vya kuchezea vya dukani, wala sikumbuki tukivililia. Tulikuwa na kichuguu.

Jua likichomoza baada ya mvua, tulitoka shule mbio na vitabu tukavitupa nyasini. Tulichimba kishimo kando ya kichuguu, tukakifunika kwa blanketi kuukuu na majani ya mgomba, kisha tukalaza ubao na kuupiga kwa vijiti huku tukiimba. Kumbikumbi huko chini walidhani ni mvua, wakapanda. Watoto wa siku hizi, wanaomwaga chai kwa sababu ya nzi mmoja, wangezirai: sisi tuliwala wabichi, mabawa yakitunata midomoni.

Mimi nilikuwa mgeni. Baba, aliyekuwa karani Kisumu, alikuwa ameturudisha kijijini karibu na Shianda, kwa mama yake, tuliyemwita kukhu. Wiki tatu nzima wenzangu saba walinipa kazi ya kushika blanketi tu. Nilivitamani vile vijiti kuliko viatu vya Krismasi. Siku moja Khasandi, msichana aliyeongoza mdundo, alichoka mkono akanipa.

Nilipiga kama askari wa gwaride. Wale kumbikumbi wachache waliokuwa wamechungulia wakarudi ndani! Wimbo ukakatika. Watu saba wenye njaa wakanikodolea macho, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Wewe mtoto wa karani, mvua inapiganga hivyo?" Khasandi aliuliza. "Inakimbizwa na nani? Anza tena, pole pole."

Nikaanza tena, machozi yakinilenga. Wenzangu waliimba taratibu wakinisubiri, mpaka mkono wangu ukaufuata wimbo wao. Punde kishimo kikajaa. Tulicheka hadi tukagaagaa chini, na Khasandi akanijazia viganja vyote viwili. Jioni kukhu aliniuliza kwa nini nauangalia ugali wake kama mtu aliyetoka harusini. Sijawahi kufurahi vile tena, na mke wangu anajua.

Mjukuu wangu hucheza mpira kwenye simu, peke yake sebuleni. Akishindwa hubonyeza tu, mchezo ukaanza upya. Vidole vyake vina mbio, namsifu. Lakini namwonea huruma pia. Hajawahi kuwaharibia wenzake saba chakula, kisha akala nao.