Bustani ya Wake Wawili

Mume wangu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa bustani za Leta, serikali ya Wazungu, pale Kasongo, na kwa kuwa alikuwa na wake wawili, bustani nayo ikawa ya wake wawili.

Nieleze. Karibu na soko la site, yaani mtaa wetu sisi Waafrika, palikuwa na uwanja uliojaa majani, mbuzi na takataka. Bustani ya mbele ya ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya, ikatiwa njia za changarawe na maua ya Ulaya, nasi tuliitazama kutoka barabarani tu. Sasa Mzungu wa teritwari akataka na sisi tuwe na yetu. Akampa mume wangu kamba, vigingi na wafungwa wa kuchimba, akamwambia apange anavyoona inafaa, yeye atakuja kukagua.

Mume wangu alikuwa Mwislamu wa kweli, na haki kati ya wake ndiyo elimu aliyoishika kuliko zote. Akininunulia kitenge, mke mwenzangu naye alipata kilekile, rangi ileile. Nyama aliikata mwenyewe, akapima fungu hili kwa mkono huu na fungu lile kwa mkono ule. Basi bustani aliipanga kama anavyogawa nyama. Akavuta kamba katikati ya uwanja, akaweka lango huku na lango kule, benchi huku na benchi kule, mstari wa miti huku na mwingine kule. Mtu mwingine angeona bustani moja. Mimi niliona nyumba mbili.

Maua nayo alikuja kuyachukua kwetu. Uani kwangu alikata vijiti vya yale maua mekundu makubwa yasiyonukia. Kwa mwenzangu alichukua yasmini. Hakusema upande upi ni wa nani, wala hakuna aliyemwuliza, lakini mekundu yalikwenda upande wa soko na yasmini upande wa msikiti, nami si kipofu.

Nilikuwa na wivu, na si wa kidogo. Mwenzangu alikuwa binti wa kutoka Nyangwe, angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, alinipokea ndoo ya maji kabla sijafika mlangoni, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. Nikawa napita bustanini kila nikienda sokoni, hata siku ambayo sikuwa na cha kununua. Maji yalimwagwa sawa pande zote mbili, siwezi kumsingizia mtu. Ila kwenye yasmini mume wetu alichuchumaa mwenyewe, akalainisha udongo kwa vidole. Kwenye mekundu alisimama, akawaelekeza wafungwa kwa fimbo.

Miezi ikapita, Mzungu akaja kukagua. Alicheka kuona malango mawili kwenye uwanja mdogo vile, hakuelewa, akayaacha. Lakini akasema panakosa kibanda cha kupigia fanfare, ile bendi ya tarumbeta, siku ya Jumapili, cha matofali, chenye paa. Mume wangu akaomba viwili. Akajibiwa kwamba fanfare iko moja. Akaomba basi kikae katikati. Akajibiwa kwamba katikati ni njia. Achague upande, na maua yatakayokuwa pale yang'olewe.

Wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kuisoma ile bustani kama mimi.

"Mama mukubwa," mmoja akanitania, "fanfare itapiga kwako ao kwa mudogo?"

Nikacheka nao, meno nje, moyo unawaka. Nilijua kibanda kikienda kwenye yasmini, Kasongo nzima itajua nani anapendwa, na mimi nitabaki mama wa watoto tu, wa kupika na kuheshimiwa.

Kikaja kwangu. Niliona kwa macho yangu wafungwa wanashusha matofali upande wa soko. Siku hiyo nilinunua samaki mkubwa wa Lualaba, nikampika kwa mawese, na kipande kizuri nikampelekea mwenzangu kwa mkono wangu mwenyewe, ili auone uso wangu vizuri.

"Aksanti, yaya," akasema, akapokea kwa mikono miwili. Hata kukasirika hakujua.

Zamu yangu ilipofika, nilimpakulia mume wangu, nikangoja ashibe. Nilitaka kulisikia kutoka kinywani mwake.

"Baba ya watoto, juu ya nini ulichagua upande wangu?"

Alikuwa ananawa mikono. Alinijibu bila haraka, kama mtu aliyeulizwa habari za kazi.

"Maua ya kule kwa musikiti ilikuwa imeshika muzuri. Niliona huruma ya kuing'oa."

Nikaondoa sahani.

Fanfare ilipopiga mara ya kwanza, watu walijaa upande wangu mpaka wengine wakakosa pa kusimama. Wanawake wakanipisha nikae mbele kabisa, wakanipongeza, nami nikawaitikia mmoja mmoja. Ningewaachia kibanda kile chote, na paa lake, kama mume wangu angenionea na mimi huruma ile.