Siku ya Tisa Mlangoni kwa Mwenye Bomba

Saa moja asubuhi. Bibi mwembamba anatua kigoda chake mbele ya mlango wa bluu, anakaa, anatoa sindano na kuitunga uzi. Anakosea mara tatu. Ya nne uzi unapita.

"Haya, tumeamka," anauambia mlango.

Leo ni siku ya tisa. Ndani anaishi mwenye bomba la pekee la maji mtaani. Wiki mbili zilizopita aliwakataza watapishaji vyoo, wale wanaume wanaoshuka mashimoni vyoo vinapojaa, wasichote kwake tena, wao na wake zao na watoto wao. Ati wanachafua bomba. Sasa wanafuata maji mtoni, mwendo wa saa nzima, na mtoto wa mmoja wao ameshaanza kuharisha.

"Hata choo chake wamekitapisha wao, juzi juzi tu," anasema bibi. "Lakini mimi simgombezi. Nimekuja kukaa."

Mtaani anaitwa Bi Kigoda. Ana miaka sabini na moja, kazi yake kushona na kutia viraka. Siku njema hupata nguo nane. Akiwa mlangoni kwa mtu hapati hata moja ya kulipwa, maana anachoshona pale ni nguo za huyo huyo aliyekosa, tena bure. Ndiyo desturi yake. Hubisha hodi, husema shida iliyomleta, huomba nguo zilizochanika, kisha hukaa.

Alianza akiwa msichana wa kiwanda cha nguo. Msimamizi alikuwa akiwapiga wasichana kwa rula ya chuma. Mwenzao mmoja alimrushia mkasi, akafungwa. Fundi mkubwa, mama mtu mzima, akawaambia waliobaki wakae chini kando ya mashine, mikono mapajani, wasimtukane mtu. Walikaa siku sita. Walimwagiwa maji, walivutwa nywele. Siku ya saba msimamizi aliondolewa.

"Niliogopa, we acha tu," anasema. "Ila niliona yule bwana anatuogopa zaidi, na hatujamgusa."

Tangu hapo amekaa milango ishirini na mitatu. Kwa mume mwenye mkono mwepesi kwa mkewe, kwa mwalimu aliyefukuza watoto wa ombaomba, kwa ndugu waliomnyima mjane nyumba. Sita ilimshinda, naye haifichi. Mwenye mlango mmoja kati ya hiyo sita alimmwagia majivu ya moto, na kovu liko mguuni hadi leo.

Kuna na mlango aliokosea. Alielekezwa vibaya, akakaa siku mbili kwa mtu asiyehusika kabisa. Siku ya tatu yule bwana akatoka analia, akaungama kwamba amemtupa mama yake mzazi miaka minne bila hata salamu.

"Ningefanyaje?" anacheka mpaka anakohoa. "Nikamwambia, baba, nenda kamwone mama yako. Halafu unielekeze kwa jirani, maana nilikuja kwa jirani."

Saa nne mlango unafunguka. Mwenye bomba anatoka, macho mekundu.

"Bibi, umenishinda. Watu wananicheka mpaka kazini. Basi, na wachote. Lakini jioni, wenzao wakishamaliza."

"Ahsante, mwanangu."

"Sasa nenda nyumbani."

"Umekubali nusu, baba. Na mimi naondoka nusu." Anainuka taratibu, anasogeza kigoda hatua mbili, anakaa tena.

Waliokuja kuchota wanaangua kicheko. Mwenye bomba hacheki. Nyuma yake anatokea mkewe, ndoo mkononi na ufunguo wa bomba. Anampita mumewe. Ng'ambo ya njia amesimama mke wa mtapishaji, mama wa yule mtoto anayeharisha, na ndoo tupu.

"Njoo, dada," mke wa mwenye bomba anamwita. "Tangulia. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Yule mama hasogei. Anamtazama mwenye bomba. Watu wote wanamtazama.

Mwenye bomba anajikuna shingo kwa muda mrefu. "Usilifungue lote," anasema mwishowe. "Koki inavuja, maji yatakurukia."

Yule mama anavuka njia. Ndoo inajaa. Bi Kigoda anajifanya anatafuta uzi mfukoni, lakini anafuta machozi.

Sasa anaweza kwenda kupumzisha mgongo, ila si kwa siku nyingi. Jumatatu, akijaliwa, atakwenda zahanati, ambako watapishaji huitwa mwisho hata wakifika wa kwanza. Mke wa mwenye bomba amemuuliza kama anaweza kufuatana naye.

"Nimemwambia aje," anasema, akikunja nguo alizokuwa akishona. "Lakini kigoda aje na chake."