Mkaguzi wa Tumbaku Aenda kwa Wakwe

Mume wangu, Thaddeus Pettus, alikuwa mkaguzi wa serikali katika ghala la tumbaku hapa kwetu Virginia. Watu walimheshimu, lakini kumwalika chakula ilikuwa kazi bure. Aliapa mbele ya jaji kwamba hatapokea kitu kwa mkulima yeyote ambaye pipa lake la tumbaku linangoja kukaguliwa. Wenzake nao waliapa vilevile, na nyama za majirani wakala na usingizi wakapata. Wangu mimi, hata tunda moja la pichi alirudisha! Tukialikwa alikaa mezani na maji yake, nami nikala kwa niaba yake, maana mimi sikuapa.

Kisha binti yetu Lavinia akaposwa na mtoto wa Lemuel Gilliam. Harusi ingekuwa kwetu, na kesho yake karamu kwa wazazi wa bwana harusi, ndiyo desturi. Na pipa la Lemuel lilikuwa ghalani, likingoja zamu.

"Baba Lavinia," nikamwambia, "ukienda kwa wakwe ukafumba mdomo, mwanao atasimangwa humo mpaka azeeke. Utakula?"

"Pipa lake bado."

"Basi likague, mwanamume wewe!"

Akaomba pipa la Lemuel lipewe zamu ya mkulima mwingine, likapewa. Lemuel akaja anacheka, anawapiga watu mabega. "Mnaona raha ya kuwa na mkwe serikalini?"

Wakabandua mbao za pipa. Juu tumbaku safi, chini safi. Thaddeus akachomeka mtaimbo katikati, akachomoa kishada cha majani, akakinusa, akakipasua kwa vidole. Ukungu mtupu! Lemuel, kwa haraka za harusi, alikuwa ameishindilia ikiwa na unyevu.

"Limekataliwa."

"Mkwe! Hata kwa ajili ya watoto?"

"Hata kwa ajili yao."

Lemuel akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

Niliposikia, nilipandwa na hasira nikasahau sufuria jikoni. "Nilikutuma ukale, si ukatuvunjie undugu!"

"Ulinituma nikague," akajibu, akavua viatu.

Harusini Lemuel alikuja, akasalimia, basi. Lavinia alijikaza kutabasamu. Mwanangu alikuwa anakwenda kuishi katika nyumba ya mtu aliyeumizwa na mume wangu, na mimi nilijilaumu usiku kucha.

Kesho yake tukaenda. Lemuel alisimama mezani na kisu, mbele yake paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Hakukata pembeni. Alikata katikati kabisa, karibu na mfupa, akaweka kipande mbele ya mume wangu.

"Haya, kagua."

Thaddeus akakiinua, akakinusa, akakipasua kwa vidole vilevile. Akakitia mdomoni, akatafuna taratibu kama hana haraka ya kufa.

"Kimepita," akasema. "Ila kwa kipande kimoja siwezi kuapa."

Lemuel akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mkwe, una roho ngumu wewe! Tumbaku nitalima tena. Lete sahani!" Akamkatia, akamkatia tena, na Lavinia akawa analia na kucheka, anawamiminia wote wawili mchuzi.

Thaddeus alikula, akafuta sahani kwa mkate wa mahindi, akaomba pai. Nami nilikaa nikimtazama, na furaha ile ilinishibisha, sahani yangu nikairudisha kama ilivyoletwa.