Harufu ya samaki iliyotaka kumhamisha mpangaji wa shangazi yangu, Koboko

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mtu wa Arua, Uganda, kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya malori pale mpakani Vurra. Kiswahili nimekiokota kwa madereva, kwa hiyo ngeli zikiteleza mnivumilie. Haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu. Mengine niliyaona na mengine niliyanusa.

Nitangulize kwamba mimi si fundi umeme. Nina mkoba tu wenye bisibisi, spana na tester, na bahati mbaya ukoo mzima unajua kwamba ninao. Ukiwa na mkoba wa namna hiyo huna Jumamosi yako. Mara bomba la huyu linavuja, mara swichi ya yule imegoma.

Sasa, shangazi yangu ana vyumba vya kupangisha Koboko mjini. Ni mjane, mama wa kanisa, na usafi wake ni wa kutisha, akikuta jani uani anauliza ni la nani. Alinipigia nikamtengenezee bomba la uani lililokuwa linadondosha maji.

Nilipokubali, akaongeza la pili. Ana mpangaji, mama kutoka South Sudan, tumwite Mama Kiden kwa jina la bintiye. Huyu mama anauza samaki wakavu sokoni. Chumba chake kinanuka samaki, wapangaji wenzake wamechoka, kwa hiyo mwezi ukiisha atoke. Na mimi, kama mwanaume wa ukoo, ndiye nikamwambie.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye mwenyewe. Akajibu kwamba ameshasema sana, sasa anataka mtu wa kusema mara ya mwisho.

Nikafika, nikaanza na bomba maana hilo ndilo lilikuwa rahisi.

Kwa wale wanaopenda kujifanyia wenyewe: bomba likidondosha hata ukilifunga, mara nyingi ni washa, ile pete ndogo ya mpira ya ndani, imelika. Funga maji kwenye valvu kuu, fungua kichwa cha bomba, weka washa mpya ya saizi ileile, rudisha. Usilikaze kwa hasira, utaiua washa mpya siku hiyohiyo.

Nikiwa pale akaja Mzee Saidi, fundi cherehani anayepanga chumba kinachopakana na cha Mama Kiden, ukuta mmoja. Ni mzee mpole. Alikuwa ametoka kuwasha pasi ili anyooshe sare za shule.

"Mimi sina ubaya na ule mama," akaniambia. "Lakini nguo ya watu inashika harufu. Mutu akikuja kuchukua uniform ya mutoto, ananusa kwanza."

Akarudi kwenye pasi yake, mimi nikanawa mikono nikaenda kubisha.

Njiani nilishapanga maneno yangu ya mpakani: utaratibu, muda, maelewano. Nikaingia ndani, na harufu ikanipokea. Wakuu, ilikuwa ya samaki kweli, ile kali inayokwenda moja kwa moja puani.

Lakini chumba kilikuwa kisafi kuliko changu. Sakafu imesuguliwa, sufuria zinang'aa, godoro la mtoto limesogezwa ukutani na kutandikwa vizuri. Karibu na mlango kulikuwa na mabegi mawili yamefungwa tayari.

Mama Kiden hakunipa nafasi ya kuanza.

"Ndugu yangu, najua umetumwa," alisema. "Samaki yangu sasa inalala kule soko, kwa stoo ya mwenzangu. Nimefua kila kitu. Hii harufu hata mimi iko nasikia, lakini sijui inatoka wapi."

Kisha akanieleza mengine huku akikunja kitenge. Darasani wenzake Kiden walikuwa wameanza kuhama dawati lake. Sokoni, akina mama wa kanisa la shangazi walikuwa wanaipita meza yake, kwa sababu shangazi alilitaja jambo hilo kwenye mkutano wao. Alikuwa ameshapata chumba Ludara, mbali na shule na mbali na soko. Hakulia. Alieleza tu, kama mtu aliyezoea kufungasha.

Niliona aibu, wakuu. Sikuwa nimesema neno hata moja, lakini miguu yangu ilikuwa imeletwa pale na hukumu ya watu wengine.

Mama Kiden akaongeza kitu kidogo: asubuhi harufu haikuwepo, imeanza muda si mrefu. Na ndivyo inavyokuwa kila mara, inakuja na kuondoka.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Samaki akinuka ananuka tu. Hana ratiba.

Nikaanza kunusa kama mbwa wa forodha. Mlangoni ilikuwa kidogo, mezani kidogo, kwenye godoro la Kiden ikawa kali kabisa. Nikalivuta godoro. Nyuma yake kulikuwa na soketi ya zamani ukutani, haina kitu chochote kilichochomekwa. Mama Kiden akasema haitumii, simu anachajia sokoni.

Nikapitisha kiganja karibu na kifuniko chake. Kilikuwa cha moto. Ukuta wenyewe ulikuwa na joto. Kitambaa cha godoro kilichokuwa kinagusa pale kilikuwa kimegeuka rangi ya chai.

Nikauliza mtoto analala kichwa upande gani. Akanionyesha palepale.

Nilikimbia barazani kuzima main switch. Pasi ya Mzee Saidi ikazimika, akaita kuuliza kulikoni. Nikamwomba aiache hivyo hivyo.

Nikarudi, nikahakikisha kwa tester kwamba umeme haupo kweli, nikafungua soketi. Ndani plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi. Nyaya zilikuwa nyembamba, za kuwashia taa, zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe wa gundi. Na kutoka pale zilipenya ukuta kwenda chumba cha Mzee Saidi. Umeme wote wa pasi yake ulikuwa unapita kwenye soketi ya Mama Kiden isiyotumika.

Vijana labda hamjui. Zamani umeme wetu huku West Nile ulikuwa wa jenereta, saa chache jioni, basi. Mtu alifanya wiring ya balbu na redio, na ilitosha. Sasa umeme umekuwa wa kutegemewa, watu wameleta pasi, birika za umeme, friji. Nyaya ni zilezile.

Halafu hili la harufu. Plastiki ya soketi na swichi ikipata joto sana inaweza kutoa harufu kama ya samaki, kabla hata hujaona moshi. Niliwahi kuambiwa na fundi mmoja nikadhani ananitania.

Shangazi naye, nilipomwita uani, hakuamini. Alisema plastiki ikiungua inanuka plastiki, na yeye samaki anawajua. Sikubishana naye, ni dada wa baba yangu. Nilimwekea tu ile soketi mkononi.

Akanusa. Akaigeuza, akanusa tena. Akampa Mzee Saidi, aliyekuwa ametoka nje, naye akanusa, kisha akageuka kuangalia chumbani kwake, kwenye pasi.

"Kumbe iko mimi," akasema.

Nikamwambia pasi haina kosa, kosa ni la waya. Lakini nilimwona amenywea.

Shangazi akamgeukia Mama Kiden, akamwambia basi, asihame, akae tu. Alisema kama anayetoa zawadi.

Mama Kiden alishukuru. Halafu akasema, bila kupandisha sauti: "Mama, ile ya kwanza ulisema mbele ya watu. Hii pia, sema mbele ya watu."

Wakuu, niliangalia chini. Kwa kumjua shangazi, nilitegemea uani kuchafuke. Badala yake aliichukua ile soketi, akaifunga kwenye leso na kuingia nayo ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nililala Koboko kumsubiri fundi umeme, kwa hiyo nilimsindikiza kanisani. Baada ya ibada akina mama walibaki kwenye mkutano wao, mimi nikasimama mlangoni. Shangazi alisimama, akafungua mkoba, akatoa leso, akampa soketi mama wa kwanza na kumwambia anuse kisha apitishe. Ikapita pua hadi pua. Hakuna aliyecheka.

Iliporudi kwake akasema: "Nilisema ule mama ananuka. Niliongopa, bila kujua. Yenye ilikuwa inanuka iko nyumba yangu."

Akaketi. Sijawahi kumwona mdogo vile, na sijawahi kumheshimu kama siku ile.

Jumatatu alikuja fundi mwenye leseni. Mimi bomba naliweza, hata kubadilisha soketi moja naweza, lakini wiring ya nyumba nzima si kazi ya mkoba wangu. Alivuta nyaya nene za soketi, akaweka waya wa earth wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na kila chumba kikapata circuit breaker yake ya kukata umeme ukizidi. Mama Kiden alifungua mabegi siku hiyo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukisikia harufu ya samaki na samaki humwoni, usianze na jirani. Zima main switch, pitisha mkono karibu na soketi na swichi zote, hata zile zisizotumika. Ikiwa na joto au imegeuka rangi, usiwashe tena, ita fundi. Ikishika moto, usimwage maji. Na kitanda cha mtoto kisigusane na soketi.

Mafundi wa kweli mlioko humu, nisahihisheni nilipokosea. Na ninyi wengine niambieni: kwenu kuna harufu gani ambayo mmeshamtwika mtu, na bado hamjagusa ukuta?